Kapteni Alisema "Shukisha" na Sisi Tukacheka

Wasee, leo sina kichekesho.

Mliokuwa hapa mwaka jana mnakumbuka ile video ya mtoto kwa kinyozi. Mtoi wa miaka minne, kitambaa shingoni, mashine inanguruma kando ya sikio, na yeye anapiga nduru kama makanga wa Jogoo Road: "Shukisha! Dere, shukisha!" Mimi ndiye nilikuwa nimeshika simu. Mimi ndiye niliiwekea muziki. Iliangaliwa zaidi ya mara 200,000. Kwa kijana aliyetoka kampasi mwaka wa pili juu ya karo, na ambaye mathe bado alikuwa anawaambia watu wa kanisa "amepumzika kidogo tu", ile video ilikuwa kitu kikubwa. Watu walinisalimia kwa stage. Nililipwa pesa ya tangazo kwa mara ya kwanza maishani.

Mwezi wa pili mwaka huu niliifuta. Wengi mmeniuliza ilienda wapi. Jibu ni hili.

Yule mtoto ni mpwa wangu, kifungua mimba wa sistangu. Nitamwita Kapteni, si jina lake. Kapteni ana usonji. Wakati ule alikuwa na maneno kama sita hivi, na kati ya hayo sita hakukuwa na "hapana", wala "basi", wala "naumia". Lakini alikuwa na "shukisha". Alikuwa ameliokota kwa matatu tukienda kwa shosho. Makanga akisema shukisha, gari inasimama, mlango unafunguka, kelele inaisha, tunatoka. Sasa rudi kwa kinyozi. Kapteni hakuwa anaigiza makanga. Alichukua neno moja alilokuwa nalo la kusimamisha kitu na akatuambia: simamisheni hii, nataka kutoka. Kabla ya kufuta ile video nilihesabu. Alilisema mara kumi na moja. Kinyozi hakusimamisha. Mimi sikusimamisha. Watu 200,000 walicheka na wakaendelea na maisha yao.

Maoni yangu ya leo ni haya. Mtoto asiyeongea ana mengi ya kusema, na kazi ya kumpa njia ya kuyasema inaanza leo. Haingoji siku ambayo ataanza kuongea.

Na kabla hujasema hii ni story ya wazazi, angalia plot yenu. Mama anatoka saa kumi na moja asubuhi kupanga foleni ya matatu, anarudi saa mbili usiku. Nani anabaki na mtoto? Ni wewe uliyemaliza kidato cha nne na unangoja kuitwa chuo. Ni wewe kazini wa mtu, dada mkubwa, anko asiye na kazi ya ofisi kama mimi. Sisi ndio tunashinda na hawa watoto, na hakuna mtu ametufundisha chochote.

Mimi nilifunzwa kwa bahati. Sistangu alikuwa amechanga pesa miezi kadhaa akapata siku na mtaalamu wa tiba ya usemi. Siku hiyo nilienda naye kubeba mtoto. Yule mama alituuliza swali moja ambalo bado linanisumbua: "Akitaka kitu kiishe, huwa anawaambiaje?" Tuliangaliana. Sistangu akasema huwa analia. Mimi, ili kuchangamsha chumba, nikasimulia ile ya kwa kinyozi. Yule mama hakucheka. Akauliza, "Na mlipomsikia, mlifanya nini?"

Alitueleza kwamba watoto wengi wenye usonji huanza na maneno ya kuokota: tangazo la redio, mstari wa katuni, sauti ya makanga. Zamani wataalamu waliona ni kelele tupu ya kuzimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Mmarekani anayeitwa Barry Prizant na wenzake walikaa na watoto kama hao wakasikiliza vizuri, wakaonyesha kwamba kurudia huko mara nyingi kuna kazi: kuomba, kukataa, kujibu, kujituliza. Ukitaka kujua mtoto anamaanisha nini, usiangalie kamusi. Angalia alilisikia wapi hilo neno, na wakati huo kulikuwa kunafanyika nini.

Sasa tuongee kuhusu vitu ambavyo sisi kwa familia tulifanya vibaya, juu najua na nyinyi mnavifanya.

Ya kwanza ni "mpe muda". Kila mtu alituambia. Wavulana huchelewa. Babu yake aliongea na miaka mitano. Wengine wakasema ulimi umefungwa, ukatwe. Wengine wakasema ni televisheni. Kuna uzee mmoja kwa plot aliyemwambia sistangu usoni kwamba hamwongeleshi mtoto, ndiyo maana. Hiyo ya kulaumu mama si mpya. Kuna wakati hata wasomi wakubwa wa Marekani na Ulaya walihubiri kwamba usonji unaletwa na mama asiye na mapenzi. Nadharia hiyo ilikufa zamani. Mtu amwambie yule jirani yetu.

Sisemi hakuna matumaini. Mwaka 2013, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 535 wenye usonji waliofika miaka minne wakiwa bado hawajaweza kuunganisha maneno. Walipofika miaka minane au zaidi, asilimia 70 walikuwa wameanza kuunganisha, na karibu nusu ya wote walikuwa wanaongea vizuri kabisa. Hizo ni habari njema. Lakini hebu zisome tena ukiwa mtoto. Kutoka miaka minne hadi minane ni miaka minne ya kuumwa na tumbo, kuogopa mashine, kutaka maji, kuchoka na wageni. Na asilimia 30 je? Utampa muda, sawa, lakini katikati ya huo muda atasemaje?

Ya pili ndiyo inaniuma zaidi: "sema ndio upate". Nilikuwa naifanya kila siku. Naweka kikombe cha uji juu ya meza, Kapteni anakiangalia, ananivuta mkono, mimi nakaza. "Sema uji. U-ji. Sema tu." Analia, ananirushia kijiko, mwishowe nampa au nakasirika. Nilidhani namfundisha kuongea. Fikiria umetupwa mji wa Uchina, una kiu, mwenye duka ameshika chupa na anakuambia utaje maji kwa Kichina chenye toni sahihi ndio akuuzie. Umemwonyesha kwa kidole. Umeonyesha pesa. Anajua kabisa unataka nini. Huyo mtu hakufundishi lugha, anakunyanyasa. Na Kapteni aliponivuta mkono hadi kwa kikombe, tayari alikuwa ameniambia. Ni mimi nilikataa kusikia.

Ya tatu ni maswali. Hii ni nini? Hii rangi gani? Ng'ombe anasema aje? Tulimgeuza mtoto kuwa mtahiniwa. Siku nzima anaulizwa vitu ambavyo sisi tayari tunajua majibu yake, halafu tunashangaa anatukimbia.

Basi, kinachofanya kazi kwetu ni nini? Nitawapa venye tunafanya, hatua kwa hatua, juu hata mimi nilitafuta kwa Kiswahili sikupata.

Tulianza na picha. Kuna mfumo uliotengenezwa mwaka 1985 jimbo la Delaware, Marekani, na Andy Bondy na Lori Frost, unaojulikana kwa kifupi kama PECS. Wazo lake ni rahisi: mtoto anamletea mtu picha ya kitu anachotaka, na anapewa hicho kitu papo hapo. Ona hapo kuna nini. Hatakiwi tu kuonyesha picha ukutani. Lazima amtafute mtu, amfikie, amkabidhi. Hayo ndiyo mazungumzo yenyewe: mimi, wewe, na kitu kati yetu.

Nilipiga picha vitu vyetu wenyewe. Kikombe chake cha kijani, si kikombe cha kuchorwa kutoka intaneti. Mandazi ya mama wa kona. Mlango wa choo chetu. Mpira wake uliotoboka. Nikachapisha kwa saiba, nikabandika kwenye vipande vya katoni, nikafunika na selotepu pande zote mbili juu anapenda kutafuna karatasi. Tukafunga kamba ukutani, kimo chake, picha zikaning'inia na vibanio vya nguo. Gharama yote haikufika bei ya kuku nusu na chipsi.

Siku za kwanza mnahitajika watu wawili. Sistangu alikaa mbele na kipande cha mandazi. Mimi nilikaa nyuma ya Kapteni. Aliponyoosha mkono kuchukua mandazi, mimi nyuma, kimya kabisa, nikaelekeza mkono wake kwa picha, kisha kwa kiganja cha mama yake. Picha ikitua tu kwa kiganja: "Mandazi!" na anapewa. Hakuna "sema". Hakuna "unataka nini?" Wa nyuma haongei hata kidogo, na kila siku anapunguza msaada. Siku ya tano Kapteni alitoka kitandani, akanyofoa picha ya mandazi kwa kamba, akapita mbele yangu kama mimi ni kiti, akamkabidhi mama yake aliyekuwa anapiga pasi. Sistangu alikaa chini sakafuni. Mtoto alikuwa hajawahi kumtafuta kumwambia kitu.

Halafu tuliongeza picha ya "basi": kiganja kilichoinuliwa. Nawaambia, kama mtaanza na picha mbili tu, moja iwe ya kitu anachopenda na nyingine iwe hiyo. Sisi watu wazima tunakimbilia kumfundisha mtoto kuomba, lakini kukataa ni haki kubwa kuliko biskuti. Na akiitumia, heshimu. Akikupa "basi" wakati wa kuoga na bado ana povu kichwani, mwambie "basi, nimesikia, maji moja halafu tunatoka", na mtoke kweli. Ukipuuza mara mbili tatu, umemfunza kwamba picha ni bure, atarudi kwa nduru, na hatakuwa amekosea.

Ya pili tuliyojifunza: ongea kidogo. Nilikuwa namwambia, "Haya Kapteni kuja hapa uvae viatu haraka juu tunachelewa kwenda kwa shosho." Yeye anasikia mto wa maji. Sasa nasema "Viatu," namwonyesha viatu. "Tunaenda," naonyesha mlango. Na mimi pia nagusa picha ninapoongea, juu hakuna mtoto anayejifunza lugha ambayo haoni mtu mwingine akiitumia. Wewe ulisikia Kiswahili zaidi ya mwaka kabla ya kusema neno moja. Naye anahitaji kuona picha zikitumiwa na watu wengine kabla ya wewe kudai azitumie.

Ya tatu: ngoja. Ukisema kitu, funga mdomo na uhesabu hadi kumi polepole. Kwa mtu wa kutengeneza video kama mimi, sekunde kumi za kimya ni mateso, tumezoea kukata kila pumzi. Lakini mara nyingi jibu la Kapteni huja sekunde ya nane. Miaka yote hiyo nilikuwa namkatiza kwa sekunde ya pili.

Ya nne: mfuate aliko. Akiwa anapanga vifuniko vya soda kwa mstari, usimnyang'anye umfundishe ABC. Kaa sakafuni, uso wako ufike kimo chake, weka kifuniko kimoja kwa mstari. Akiangalia, sema "kifuniko". Akikusogezea kimoja, hayo tayari ni mazungumzo. Wewe mwenye kutaka wafuasi unajua hii: huwezi kuongea na mtu kabla hujajali anachoangalia.

Najua pingamizi linalokuja, juu mathe wangu alilileta wa kwanza: "Mkimzoesha picha atakuwa mvivu wa kuongea." Ni swali zuri, na limechunguzwa. Mwaka 2006 watafiti watatu, Millar, Light na Schlosser, walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji, wakiwemo wenye usonji, waliopewa njia nyingine za mawasiliano kama ishara na picha. Katika zile tafiti zilizofanywa kwa umakini zaidi kulikuwa na watu 27. Wengi wao, 24, usemi wao uliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo. Watatu hawakubadilika. Aliyepunguza kuongea hakuwepo hata mmoja. Mwaka 2014, Connie Kasari na wenzake wakachapisha utafiti wa watoto 61 wenye usonji na maneno machache sana. Wote walipata mafunzo ya kucheza na kuongea, lakini kundi moja liliongezewa kifaa kinachotoa sauti ukigusa picha. Hilo ndilo lililoendelea zaidi katika kujieleza lenyewe. Kwa hivyo mathe, kwa heshima zote, fimbo haimfanyi mtu mlemavu. Inampeleka sokoni.

Pingamizi la pili ni la lugha, na hili linahusu sana Nairobi. Mwalimu mmoja alimwambia sistangu Kapteni aongeleshwe Kiingereza tu, lugha nyingi zinamchanganya. Shosho wake hajui Kiingereza. Kwa hivyo kwa miezi kama mitatu, mtu anayempenda huyo mtoto kuliko wote alikaa kimya mbele yake akiogopa kumharibu. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha mbili zinawarudisha nyuma. Muongeleshe kwa lugha ambayo moyo wako unaongea. Na picha ya mandazi haina kabila. Shosho anaisoma vizuri kuliko mimi.

Sasa, sidanganyi mtu kwamba kamba na vibanio vinatosha. Kwanza kabisa apimwe masikio, juu kuna watoto wanaoitwa wakaidi kumbe hawasikii vizuri. Mtaalamu wa usemi akipatikana, mtafuteni. Wizara ya Elimu ina vituo vya kupima watoto na kuwaelekeza shule, vinaitwa EARC, vimekuwepo tangu 1984, na wazazi wengi hawajui vipo. Ulizeni kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu. Na mtu akiwauzia dawa au maji ya kuponya usonji, shikeni pesa zenu. Dawa hiyo haipo.

Ninachokataa ni kukaa bure kwa sababu foleni ni ndefu na ada ni kali. Hii si hisani pia. Fungua Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali kukuza lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya, Braille na njia nyingine za mawasiliano zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kamba yetu ya picha imo ndani ya Katiba, wasee. Na kifungu hichohicho kinaanza na haki ya kuheshimiwa utu wake na kutotajwa kwa njia ya kumdunisha. Niliposoma hapo nilifunga simu nikaenda kukaa kwa ngazi. Juu ile video yangu ilikuwa nini?

Kwa hivyo neno kwa watengeneza video wenzangu. Najua kodi. Najua mtoto anayesema kitu cha ajabu analeta watu kuliko maoni yako kuhusu siasa. Lakini mtoto ambaye hawezi kukuambia "usinirekodi" ndiye wa mwisho unayepaswa kurekodi. Kila tarehe 2 Aprili tunavaa rangi na kuandika kwamba leo ni siku ya usonji duniani, halafu tarehe 3 tunacheka na mtoto anayepiga nduru supamaketi na kumuita mtukutu. Ukikutana na clip kama yangu, usiisambaze. Isikilize tena bila ule muziki. Kuna mtu anasema kitu pale.

Kapteni sasa ana miaka mitano. Nywele tunamkata nyumbani na makasi, nusu leo, nusu kesho, na anatembea mtaani na kichwa cha pande mbili bila wasiwasi. Ana picha ishirini na mbili kwa kamba. Maneno ya mdomo yameongezeka kidogo, mengine ni ya makanga bado. Sijui ataongea kiasi gani, na nimeacha kuishi nikingoja hiyo siku, juu leo pia tuna mambo ya kuongea.

Juzi nilikuwa narekodi kitu hapa sebuleni, narudia mstari uleule mara ya tisa kwa sauti ya juu. Kapteni akainuka kutoka kwa vifuniko vyake, akaenda kwa kamba, akachagua, akaja akaniwekea picha kwa kiganja. Kiganja kilichoinuliwa. Basi.

Nikazima kamera.